Sauti ya Orpa kwenye Simu za Watu

Orpa alipofika Nakivale mwaka 2007, mtoto mgongoni na miguu imevimba, kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa maji wala turubai. Aliuliza kama kambi ina njia moja ya kuingilia au zaidi.

Mwanamke aliyesimama mbele yake kwenye foleni ya kuandikishwa aligeuka. Alikuwa Perpétue, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Uvira, mwanamke wa mwili na maneno.

"Njia ni mingi, dada. Juu ya nini unauliza?"

"Nataka tu kujua."

Perpétue alimtazama yeye, akamtazama na mtoto, akageukia foleni tena. Watu wa Kivu ya Kusini wakifika kule hawachimbani sana. Kila mmoja ana jambo aliloliacha nyuma, na kila mmoja anaomba lisimfuate.

Orpa alikuwa amemwacha mtu. Alizaliwa Mboko, kando ya ziwa Tanganyika, binti wa katekista aliyelima mihogo. Vita vya 1996 vilimkuta bado mtoto wa shule. Familia ikapanda milimani, ikashuka, ikapanda tena, hata kukimbia kukawa kama kazi ya msimu. Alisoma vipande vipande, shule ikifunguliwa na kufungwa, lakini Kifaransa kilimwingia vizuri, na Kiingereza alikiokota kidogo redioni. Mwaka 2003, akitoka shambani, watu wenye silaha walimkamata njiani, wakampeleka juu kwenye misitu ya Itombwe, akafanywa mke wa mkubwa wao. Mkubwa huyo aliitwa Komanda Jiwe. Jina lake la ubatizo Orpa hakuwahi kuambiwa.

Komanda Jiwe alipenda filamu. Alikuwa na televisheni na jenereta walizopora misheni moja, na mateka walizibeba kichwani kila kundi lilipohama. Filamu zenyewe zilikuwa za Kifaransa na Kiingereza, na kati ya watu wake hapakuwa na aliyezielewa. Siku moja akauliza nani kasoma. Msichana mwingine, kwa kujiokoa, akamwonyesha Orpa kwa kidole.

Tangu hapo Orpa akawa anasimama kando ya televisheni na kuwaeleza wapiganaji kinachosemwa. Alichoelewa alikieleza, asichoelewa alikitunga. Watu wakicheka, siku inapita salama. Wakichoka, Komanda anakunja uso, na Komanda akikunja uso kuna atakayepigwa. Basi Orpa akajifunza kutazama filamu kwa jicho moja na uso wa yule mwanaume kwa jicho la pili. Alijua mahali pa kuinua sauti, mahali pa kunong'ona, mahali pa kutia mzaha. Komanda hakumwita kwa jina. Alimwita Radio.

"Radio yangu," angesema akijinyoosha kitandani, "sema."

Naye alisema. Kwa miaka minne, sauti yake ndiyo iliyomlisha na kumwacha hai. Mtoto wao Sonia alipoanza kusimama dede, Komanda alikwenda bonde la pili kukutana na wakubwa wenzake, na Orpa akaondoka na wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji, asirudi. Alipita njia ndefu ya kuzunguka, akavukia mpakani Bunagana, akafika Uganda. Njia nzima hakumfungulia mtu kinywa ila pale ilipobidi. Aliogopa hata sauti yake mwenyewe.

Nakivale alipewa kiwanja, akalima mahindi na maharage, akamzoeza Sonia kuitika kwa sauti ya chini. Picha hakupigwa. Ikitokea kamera kanisani, yeye huinama kama anayetafuta kitu mvunguni mwa benchi. Watu walidhani ana haya, wakamwacha.

Misiera, kijiji kimojawapo cha kambi, karibu na Base Camp, palikuwa na kibanda cha video. Mwenyewe alikuwa Bonaventure, mtu wa Uvira aliyezidi makamo, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi. Kibanda kilikuwa cha miti na turubai, na ndani mabenchi, jenereta ikinguruma nyuma. Filamu alizileta kutoka Mbarara, na nyingi zilikuwa zimetafsiriwa kwa Kiganda, na mtu wa Kampala akipiga kelele juu ya picha. Waganda walifurahi. Wakongo na Warundi walikaa wakitazama midomo ikienda.

Orpa aliingia humo mara ya kwanza mwaka 2009 kwa sababu ya mvua tu. Perpétue alikuwa kando yake. Filamu ilikuwa ya Kifaransa, na Perpétue hakuacha kumgusa mbavu: "Anasema nini huyo? Na huyu mama analia nini?" Orpa akaanza kumnong'oneza. Walio mbele wakageuka, na wa nyuma nao wakasogea. Mzee mmoja akasema, "Mama, sema kwa nguvu, siye pia tuko na masikio."

Akasema kwa nguvu. Hakujua kilichomkuta. Kinywa kilifunguka chenyewe, na sauti ikatoka ileile ya Itombwe, na mizaha yake, na mahali pake pa kunong'ona. Kibanda kizima kikacheka. Na katikati ya kicheko kile Orpa alijikuta anautafuta gizani uso wa mtu mmoja, aone kama umekunjika. Alimbeba Sonia, akatoka filamu haijaisha, mvua ikinyesha.

Kesho yake Bonaventure alimfuata hadi shambani.

"Mama Sonia, njoo utusemee filamu. Bantu hawajacheka vile tangu tufike hapa."

"Hapana, yaya." Alimwita yaya, kama ndugu mkubwa. "Miye naogopa."

"Unaogopa nini? Utakaa nyuma ya pazia. Hakuna mutu atakuona uso."

Maneno hayo ya uso ndiyo yaliyomshinda. Alifikiri sana, akaona ni kweli, kwamba mtu hutafutwa kwa uso na kwa jina, na pazia linaficha vyote viwili. Sauti ni upepo, ikishapita imepita. Akakubali. Na ni kweli kwamba pale kibandani sauti ilipita kama upepo. Jenereta ikizimwa, kila mtu anakwenda kwake, na kilichosemwa kinabaki vichwani tu.

Kisha simu zikaja.

Simu zilikuwapo tangu zamani, lakini zilikuwa za kuongea. Hizi mpya, zile za Kichina zenye spika kubwa mgongoni, zilikuwa na kioo cha rangi na mahali pa kuchomeka kadi ndogo kama ukucha. Kufikia mwaka 2010 vijana wa Misiera walikuwa wanatazama filamu wakichunga mbuzi, picha zikiwa ndogo kama stempu na nyuso kama zimesagwa. Kibanda kikaanza kuwa kitupu. Bonaventure hakulalamika. Alipanda gari kwenda Mbarara, akarudi na kompyuta kuukuu na jina la mwanamke.

Mwanamke huyo alikuwa Mastulah, Hajati kwa heshima, mwenye duka la simu na kompyuta karibu na soko la Mbarara. Alipakua filamu kwa modemu. Filamu moja ilimchukua mchana na usiku, na umeme ukikatika anaanza upya huku akiomba subira kwa Mungu. Ikishashuka huisaga iwe nyepesi, ikatwe vipande, ienee kwenye kadi. Watu wa Bwizibwera, Kabingo na Nakivale walikuja kwake na kadi zao wakatiliwa.

Mastulah ndiye aliyesema kwamba sauti ya Orpa inaweza kuingizwa ndani ya filamu yenyewe. Alimweka chumba cha nyuma, akatundika mablanketi dirishani kuzuia kelele za barabara, akampa kipaza sauti.

"Sema tu, nyabo. Kama vile uko na watu wako."

Orpa alisema, na Mastulah, ambaye Kiswahili cha Kongo hakukielewa chote, alicheka mpaka akashika ubavu. Filamu zikarudi Misiera na sauti ndani yake, zikaingia kwenye kadi, na kadi zikaingia kwenye simu. Bonaventure alifungua duka dogo la kadi kando ya kibanda, Orpa akimsaidia kuuza, na akaongeza jambo moja, nia yake njema: mwisho wa kila filamu Orpa alitaja namba ya simu ya duka hilo, ili atakayetaka nyingine apige.

Zilikuwa siku nzuri, nazo zilidumu. Orpa alijenga nyumba ya tofali za udongo. Sonia alianza shule. Wanawake bombani walimwigiza alivyosema, naye akazoea kucheka nao. Hofu haikuondoka, lakini ilijifunza kukaa kimya kama mgonjwa wa siku nyingi ndani ya nyumba.

Mwanzoni mwa 2013 Perpétue alirudi kutoka Uvira, alikokwenda kununua ndagala, akaingia dukani akiwa na furaha iliyomjaa mpaka machoni.

"Dada! Weye ni mukubwa! Sokoni kule Uvira nimekuta vijana wameinamia simu, banacheka. Nasikia, ee! Ni sauti ya Mama Sonia! Nikawaambia, huyo ni jirani yangu!"

Bonaventure akapiga makofi. Orpa alishika ukingo wa meza.

"Imefikaje kule?"

"Itakosaje kufika? Huyu anampa huyu, blutuuth, kadi kwa kadi. Banasema hata kule milimani iko."

Hata kule milimani. Orpa alikaa chini kwenye kreti. Siku ile ndiyo alifahamu kosa la hesabu yake. Sauti aliyodhani ni upepo ilikuwa imefungwa ndani ya kitu kidogo kama ukucha, ikapita mipaka yote aliyoipita yeye kwa miguu, lakini ikielekea alikotoka. Na kila mahali ilipofika, ilitaja namba ya simu.

"Ulisema kwamba tunakaa wapi, miye na weye?" aliuliza.

"Nilisema Nakivale," Perpétue akajibu, na furaha ikaanza kumtoka alipoona uso wa mwenzake. "Ilikuwa mbaya?"

Simu za mtu asiyejitaja zilianza baada ya mavuno. Mara ya kwanza ilikuwa pumzi tu. Mara ya pili pia pumzi, na nyuma yake, kwa mbali, filamu inacheza. Orpa aliisikia sauti yake mwenyewe ndani ya sikio lake, ikisimulia. Akakata, akaiweka simu juu ya meza na kuirudia kuitazama kama mtu anayetazama nyoka aone kama amekufa.

Mara ya tatu alikuwa peke yake dukani, jua la mchana limewaka nje, watu wanapita na madumu.

"Radio yangu," mtu alisema.

Orpa aligeuza macho kwenye njia ya shule.

"Nasikia unavyopumua. Hata kupumua kwako nakujua. Mutoto sasa anasoma, hapana? Ni mutoto wangu huyo. Usiogope. Nitakuja kuwachukua bote wawili."

Hakupiga kelele yule mtu. Aliongea kama mume anayeuliza habari za nyumbani. Orpa alifunga duka, akakimbia hadi shuleni, akamtoa Sonia darasani bila kumuaga mwalimu.

Jioni alimweleza Bonaventure yote, mambo ambayo hakuwahi kumwambia binadamu. Alieleza akiangalia ukuta. Bonaventure alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitoa ile laini kwenye simu na kuivunja kwa meno.

"Ni miye nilisema utaje ile namba," alisema. "Tuende polisi."

Askari waliyemkuta alikuwa mtu wa Ankole, si mkali, lakini alichoka kabla hawajamaliza.

"Sasa mama, hiyo mutu umeona na macho?"

"Nimemsikia, afande."

"Umesikia. Na jina yake?"

"Wanamwita Jiwe. Jina la kweli silijui."

Askari aliweka kalamu chini. "Mama, mimi nakuhurumia sana, kabisa. Lakini hapana jina, hapana sura. Hakuna mutu anafungwa juu ya sauti. Siku utamwona, kuja mbio."

Siku nitakayomwona, Orpa aliwaza akirudi, sitakuwa na miguu ya kuja mbio.

Bonaventure alimshauri ahame. Alifunga nguo chache, akamchukua Sonia, wakapitia Kabingo hadi Mbarara, kwa Mastulah. Hajati hakuuliza maswali. Alitandika magodoro chumba kilekile cha nyuma chenye mablanketi dirishani.

"Kaa hapa, bambi. Nyumba ya Mwislamu, mtu akikimbilia ndani amefika."

Lakini kukaa si kupumzika. Duka lilikuwa na wateja tangu asubuhi, na wengi wao Wakongo. Kila mwanaume aliyesema "fasi" au "mingi" pale mbele, kwa Kiswahili cha kwao, Orpa aliye nyuma ya ukuta aliacha kupumua mpaka amalize shida yake. Sonia alikatazwa kuimba, akakatazwa na kucheka. Mtoto akawa anazungumza kwa midomo bila sauti, na mama yake alipomwona hivyo alijua kwamba ile kambi ya msituni imewafuata ndani ya chumba.

Mastulah alimletea kipaza sauti, angalau ashike kazi asahau. Orpa alikitazama, akakirudisha.

"Ndiyo iliyoniuza, Hajati."

Huku nyuma Misiera, siku moja saa za mchana, mwanaume mmoja aliingia dukani kwa Bonaventure. Alikuwa nadhifu, shati limepigwa pasi, na simu ya kisasa ya kioo cha kugusa. Alisalimia vizuri. Alisema ni mgeni, amefika kuomba hifadhi, na amesikia kwamba hapa ndipo zinapotoka filamu za yule mama.

"Yeye mwenyewe iko?" aliuliza.

"Alisafiri," Bonaventure akasema. "Kampala, nafikiri. Hajasema atarudi lini."

"Haidhuru. Niko na muda. Nitilie zake zote."

Bonaventure hakuwa na hakika. Sura hakuijua, na wageni wanaopenda filamu ni wengi. Alichukua kadi, akaichomeka kwenye kompyuta. Ikakataa kupokea.

"Imejaa, bwana. Nifute nini?"

Yule mtu akainama juu ya bega lake, akaonyesha kwa kidole nyimbo fulani na picha fulani. "Futa hizo. Ile folda ya chini usiguse." Kisha akavuka barabara kwenda kunywa chai, kwa kuwa kunakili filamu nyingi kunachukua muda.

Mtu wa kazi ile hajiingizi kwenye folda za watu. Huona harusi, misiba, aibu za ndani, akapita. Bonaventure aliifungua ile ya chini. Ilikuwa na video ndogo ndogo za zamani, za simu za kwanza zenye kamera, picha mbovu. Kwenye ya kwanza aliona nyumba za nyasi zinaungua mchana kweupe. Kwenye ya pili watu wamepigishwa magoti, na mbele yao yule mwanaume wa chai, akiwa kijana zaidi na mwenye bunduki, anacheka akielekea kamera. Watu wake wanamshangilia kwa jina. Jiwe, Jiwe.

Bonaventure alitazama nje. Mtu alikuwa anakoroga sukari.

Alinakili folda nzima kwenye kompyuta, huku filamu nazo zikiingia kwenye kadi. Mtu alipomaliza chai akarudi, akapokea kadi yake, akashukuru, akasema atapanga chumba hapahapa Misiera mpaka mama arudi. Bonaventure alimwagia maneno ya kumkaribisha. Mtu alipopinda kona, akahamishia folda kwenye kiflashi, akazima kompyuta, akapanda pikipiki nacho ndani ya soksi, hakusimama mpaka Mbarara.

Mastulah ndiye aliyewasha kompyuta yake. Alimtoa Sonia kwanza, akampeleka kwa jirani.

"Si lazima utazame," Bonaventure alimwambia Orpa. "Lakini polisi watataka mutu aseme ndiyo, ni yeye."

Orpa alikaa. Mwanzoni alifumba macho, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu sauti ya yule mtu ilijaa chumba. Akayafumbua. Aliona mlima anaoujua, na mti uliokatwa tawi, na wapiganaji ambao majina yao aliyakumbuka yote. Nyuma yao alipita msichana mwembamba, beseni la maji kichwani, mtoto mgongoni. Msichana aliitazama kamera mara moja, akainamisha uso upesi. Orpa alimwonea huruma msichana yule kabla ya kumtambua.

"Ni miye," alisema. "Yule ni miye."

Mastulah alimshika mkono, wakakaa hivyo.

Safari hii polisi wa Mbarara hawakuweka kalamu chini. Ofisa mmoja alitazama video mbili, akasimama akafunga mlango, akatazama nyingine. Aliita ofisi inayoshughulika na usalama wa wakimbizi. Wote walikubaliana jambo moja, nalo ndilo Orpa aliloliogopa tangu mwanzo: mtu yule anaweza kuwa amebadilisha jina na karatasi, basi aliyekaa naye aende amwonyeshe.

Alipanda gari la polisi asubuhi ya siku ya pili, kitenge kimefunika kichwa, Bonaventure kando yake. Njia nzima alihesabu sababu za kuwaambia wageuze gari. Alizipata nyingi, na zote za kweli. Walipofika Misiera soko lilikuwa limejaa. Perpétue alikuwa anawangoja njiani, akanong'ona kwamba mtu yuko kibandani. Kijana mmoja amekodi kibanda, wanaonyesha filamu.

Askari walizunguka nyuma. Orpa na ofisa walisimama mlangoni, mahali turubai linapopasuka. Ndani kulikuwa na giza la kawaida la vibanda, na kioo kikiwaka mbele. Na ndani ya spika alikuwa yeye. Sauti yake ilikuwa inasimulia filamu aliyoisema miaka miwili nyuma, na watu walikuwa wanacheka palepale alipopanga wacheke. Benchi la tatu, mgongo mpana, shingo anayoijua. Alikuwa anacheka pia.

"Yuko?" ofisa aliuliza kwa kunong'ona. "Mama, onyesha na mkono."

Mkono ulikataa. Orpa alitaka kuuinua, ukabaki ukining'inia kama si wake. Ofisa akamtazama, na Orpa akaona kwamba asipofanya kitu sasa, watarudi Mbarara, na mtu yule atabaki hapa akimngoja, leo na kesho.

"Huyo," alisema. "Benchi ya tatu. Ndiye Jiwe."

Hakusema kwa nguvu, lakini ni sauti ambayo kibanda kizima kilikuwa kinaisikiliza, na ghafla ikatoka mahali pawili. Watu waligeuka. Yule mtu aligeuka wa kwanza. Hakumtafuta kwa macho. Alielekea pale pale iliposimama sauti, akainuka, na uso wake haukuwa umekunjika wala kushangaa. Alitabasamu kama mtu aliyeitwa.

Askari walimshika kabla hajavuka benchi la pili. Hakupigana. Alipopitishwa mlangoni alisema tu, "Nilijua utasema," na Orpa akamshika Perpétue bega mpaka gari likaondoka.

Walimpeleka wapi, Orpa hakuambiwa kwa uhakika. Kwanza alisikia Kampala, baadaye akasikia amekabidhiwa Kongo, tena mtu mwingine akasema yuko gerezani Uganda bado anangoja kesi. Orpa alitoa ushahidi wake mara mbili mbele ya watu wa ofisi, akatia sahihi, akaambiwa asubiri. Mpaka 2015 alikuwa bado anasubiri, na kila habari mpya ilimnyima usingizi kwa juma zima.

Hakurudi kuishi Nakivale. Alibaki Mbarara akifanya kazi dukani kwa Mastulah. Kazi yenyewe ilikuwa inabadilika. Simu zilikuwa kubwa, watu wananunua bando na kupakua wenyewe wakiwa wamekaa kitandani, na wale waliokuja na kadi mkononi walikuwa wazee na wageni wa jana. Bonaventure alivunja kibanda, akaanza kutengeneza simu zilizopasuka vioo. Zile filamu za sauti ya Orpa ziliwekwa kwenye mtandao na watu wasiojulikana. Hakuna aliyemwomba ruhusa, na hapakuwa na mlango wa kugonga kusema ziondolewe.

Sonia alirudi kucheka, polepole, kwanza nje ya nyumba na baadaye ndani.

Siku moja mwanamke mgeni, wa Fizi kwa matamshi, alikuja kununua chaja. Orpa alimweleza aina za chaja, na yule mwanamke akaacha kuzitazama, akamtazama yeye.

"Mama, miye nakujua. Si weye ndiye unasemaka filamu?"

Swali hilo aliulizwa mara nyingi. Kuna waliojibiwa kwamba sauti za watu hufanana. Kuna waliojibiwa kwamba ndiyo. Ilitegemea mtu alivyosimama, macho yake yalivyokaa, alikuja peke yake au na nani nje. Orpa aliangalia mlangoni. Nje alisimama mtoto wa yule mwanamke tu, anakula muwa.

"Ni miye," alisema, na akamfungia chaja kwenye karatasi.